Kafi Lililovunjika katika Ziwa Kivu

Mtu apitaye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Katana huliona ziwa upande wake wa kuume, mara limefichwa na migomba, mara limejitokeza wazi na kung'aa kama bati jipya. Ziwa hili ndilo Kivu. Maji yake yako juu sana, karibu mita 1,460 kupita uso wa bahari, na kina chake chafika karibu mita 480. Halina mamba wala kiboko, kwa hiyo watoto huoga pwani bila hofu. Lakini asidanganyike mtu kwa upole huo. Mara nyingi asubuhi maji hutulia, na baada ya adhuhuri upepo huamka, na mwenye mtumbwi mdogo hujuta kuchelewa.

Sisi tulichelewa. Tulikuwa tukienda kisiwa cha Idjwi, kilicho katikati ya ziwa, kati ya Kongo na Rwanda, nacho ni mali ya Kongo. Tulichukua sanduku la mbao lililojaa vitabu vya hesabu kwa shule moja ya huko. Tulilifunga kwa mpira mrefu wa baiskeli, maana kwa baiskeli tulikuwa tumelileta hadi pwani. Mwenye mtumbwi alikuwa mvuvi mzee, pamoja na mpwa wake, kijana wa miaka kumi na sita. Tulipokuwa tukipakia, mama mmoja alitujia na mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka hospitali, mtoto wake akiwa amepona homa, naye hana nauli ya motaboti. Mzee hakumwuliza neno. Alisema tu, “Mama, ingia, keti katikati.”

Kabla ya kuondoka mzee alilichukua kafi la mpwa wake, akalipitisha kidole shingoni, pale mpini unapokutana na ubapa. Akasema, “Lina ufa. Tungoje niende nyumbani nilete jingine.” Nyumba yake ilikuwa mlimani, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Ilikuwa saa nne tayari. Sisi tuliutazama ufa ule, tukauona mwembamba kama unywele. Tukamwambia, “Mzee, utatufikisha.” Alitutazama kidogo, akanyamaza, kwa kuwa sisi tulikuwa wageni wake. Sote twaijua methali isemayo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hiyo tuliikumbuka baada ya saa mbili.

Mambo yalianza pwani pale pale. Mtumbwi ulikwama juu ya jiwe, na kijana akausukuma kwa kafi. Mzee akamkaripia: “Kafi si pondo! Pondo ni la mawe na matope, kafi ni la maji.” Tukaondoka. Ziwa lilikuwa shwari. Kwa mbali tuliona mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, mitatu mitatu, iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Samaki hawa wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo ni kitoweo cha nyumba nyingi za Kivu. Huvuliwa usiku kwa taa, na wavuvi hupiga makafi kwa kufuata wimbo.

Tulipokwisha kuliacha bara mbali nyuma yetu, upepo ulitoka kusini. Mawimbi ya kwanza yalikuwa madogo. Kisha kijana alivuta kwa nguvu, tukasikia sauti kama kuni ikavunjikayo gotini. Ubapa ulining'inia kwa nyuzi chache za mti. Kijana aliushika mpini mtupu, uso wake umepauka.

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, walisema wazee. Mtumbwi unaopigwa kwa kafi moja, upepo ukiusukuma ubavuni, hutaka kuzunguka. Mzee alitumia nguvu zake zote kuuelekeza mbele yake kwenye mawimbi, lakini hatukusogea. Maji yaliruka ndani. Yule mama alichukua kopo, akaanza kuyateka na kuyamwaga, mtoto akilia mgongoni mwake. Hakutulaumu. Jambo hilo lilituuma zaidi kuliko kama angalitulaumu.

Ndipo mzee aliposema, bila kugeuka, “Vunjeni sanduku.” Tulisita. Sanduku lile lilikuwa jipya, nalo lilikuwa zawadi ya shule pamoja na vitabu. Mzee akarudia, “Vunjeni sanduku, au shule haitapata sanduku wala vitabu wala walimu.” Basi tuling'oa vibao viwili vyembamba vya kifuniko. Tukaurudisha ubapa mahali pake, tukaweka kibao kimoja mbele na kimoja nyuma, kama vile mganga afungavyo mkono uliovunjika. Kisha tukauzungusha mpira wa baiskeli. Mzee alituelekeza kwa sauti: “Uvuteni mpaka uwe mwembamba, ndipo muuzungushe. Mpira uliolegea ni kamba tu.” Kila mzunguko uliubana ule uliotangulia. Yule mama naye alivua kitenge chake cha juu, akavifunika vitabu.

Kafi lile lilikuwa zito na baya la kutazama, lakini lilishika maji. Kijana alilipiga polepole, hakuvuta tena kwa pupa. Tulifika Idjwi giza limekwisha kuingia, tukiongozwa na moto wa jikoni wa nyumba ya kwanza. Vitabu vinne vililowa. Mtoto alikuwa amelala.

Asubuhi mzee alitupeleka kwa fundi wa makafi, mtu mwenye mvi, aliyeketi chini ya mkaratusi na tezo yake. Tulimwamkia, tukamwonyesha kafi letu, tukamwomba alitengeneze. Aliufungua mpira taratibu, akayatazama mavunjiko. Akasema, “Jeraha hili mlilifunga vizuri. Lakini mti uliokatwa haukui tena, nao hauponi kama mfupa wa mtu. Lingalivunjika katikati ya mpini, ningalizikata ncha zote mbili kwa mshazari mrefu, nikazilaza moja juu ya nyingine, nikazigandisha kwa gundi na kuzifunga. Mshazari mfupi hufumuka, mrefu hushika. Lakini hapa ni shingoni. Hapa ndipo nguvu zote za mtu hupita, na nafasi ya kuungia hakuna. Nitawachongea jipya.”

Aliingia ndani, akatoa gogo lililopasuliwa, lililokaushwa miezi mingi darini juu ya jiko. Tulimwuliza kwa nini halikukatwa kwa msumeno. Alicheka. “Mwalimu, msumeno hupita popote unapoelekezwa, hata ukizikata nyuzi za mti. Kabari hufuata njia ya nyuzi zenyewe. Kafi la nyuzi nzima hupinda kabla ya kuvunjika, na likipinda limekuonya.” Kisha alitafuta vifundo kwa kidole, kama mzee wetu alivyofanya pwani. Kifundo shingoni, alisema, ni ufa ambao bado haujafunguka.

Hakuwa na kipimo cha chuma. Alimsimamisha kijana mbele yake, akauweka mti wima, akatia alama kwenye kidevu chake. Akachonga kwa tezo, kisha kwa kisu, mwisho kwa kigae cha chupa, mpaka mpini ukawa laini mkononi. Jua lilipopinda, kafi lilikuwa tayari.

Hapo tulikumbuka habari za watu walio mbali sana nasi. Katika nchi ya baridi ya Greenland, Wainuiti walikuwa wakiwinda sili baharini kwa chombo chembamba cha ngozi kiitwacho kayaki, na kafi lao lina bapa mbili, moja kila upande. Huko miti mikubwa haioti. Walichonga makafi kwa magogo yaliyoletwa na mikondo ya bahari. Nao pia hupima kwa mwili wa mwenye chombo: urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, na juu yake dhiraa moja, yaani toka kiwiko hadi ncha ya vidole. Kingo za ubapa walizivika mfupa, barafu isizile. Tulimweleza fundi habari hizi. Alisikiliza kwa makini, akauliza swali moja tu: “Nao wana vijana wanaojifunza?”

Tulielewa maana yake. Hakuna hata kijana mmoja aliyeketi naye chini ya ule mkaratusi. Wengi wanataka motaboti, wala hatuwezi kuwalaumu, maana motaboti huenda upesi. Lakini motaboti ikizimika katikati ya ziwa, hutafuta kafi.

Tulipomwuliza bei, alitaja franka chache, nasi tuliona haya kuzilipa hizo peke yake. Akasema, “Mwachieni huyu kijana siku tatu. Alilivunja kafi kwa kulifanya pondo; ajue linavyozaliwa.” Mzee alikubali. Kijana aliinama chini, lakini tuliona kwamba amefurahi.

Vile vibao viwili tulivirudisha sandukuni kwa misumari, na shule ikalipokea likiwa na makovu yake. Na ule ubapa uliovunjika haukutupwa. Fundi aliupunguza sehemu ya juu ukawa mpini mfupi, akaufanya kafi dogo la mtoto. Tulilipeleka wenyewe kwa yule mama, pamoja na kitenge chake. Tulimwomba radhi kwa haraka yetu ya asubuhi ile. Alimpa mtoto kile kikafi, naye akaanza kuipiga ardhi nacho. Mama akasema, “Hapana, mwanangu. Kafi ni la maji.”

Tulirudi siku ya nne, tukaondoka alfajiri, na makafi matatu mtumbwini: la mzee, la kijana, na moja la akiba, lililochongwa na kijana mwenyewe. Lilikuwa limepinda kidogo. Mzee alilipitisha kidole shingoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, naye kijana akausukuma mtumbwi kwa pondo.