Mizani Jikoni

Jioni moja mwanafunzi wa uzamili aliketi juu ya mbuzi katika chumba chake cha kupanga jijini Nairobi, akikuna nazi. Maharagwe yalikuwa yakitokota. Kitandani ilikuwapo rasimu ya sura ya tatu ya tasnifu yake kuhusu taarabu ya Mombasa, ile iliyovuma kwa sauti za akina Juma Bhalo (1942–2014) na Zuhura Swaleh. Msimamizi alikuwa amekwisha kuisifu, hasa kurasa alimoorodhesha guni: vipande visivyotimiza mizani 8.

Akafungulia wimbo aliourekodi harusini. Mwimbaji alipofika penye kipande alichokihukumu kuwa na mizani 7, aliivuta irabu ya mwisho taratibu, udi ukamngoja, pengo likajaa. Mkono ulisita juu ya mbuzi. Akaurudisha wimbo mara tatu. Kipande cha pili kilikuwa vivyo hivyo. Cha tatu, la, hicho kilikuwa guni kweli.

Kumbe alikuwa amezihesabu kwa macho tungo zilizokusudiwa sikio! Wala si yeye peke yake. Ndivyo wengi wanavyofunzwa.

Alitia tui jepesi, kisha tui zito, akakoroga pasi na kuacha lisije likakatika, huku akiwaza namna ya kumweleza msimamizi kwamba kurasa 12 alizozisifu hazina budi kuandikwa upya. Alikula nusu sahani. Akanawa mikono, akachukua kalamu nyekundu, akaanza tena na wimbo wa kwanza.