Baba Chini ya Matao ya Kilwa

Mashua ilitutoa Kilwa Masoko asubuhi, mimi na baba yangu, ikatufikisha Kilwa Kisiwani. Kwa miaka mingi alitamani kuuona Msikiti Mkuu, na magoti yake yalikwisha kutuambia kuwa safari ya pili haitakuwapo. Nilikusudia kurudi na picha moja tu: yeye na msikiti, pamoja.

Msikiti ule ulianza karne ya 11, ukapanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukiingia upande wa kusini, nguzo na matao hukupokea safu baada ya safu. Lenzi pana huonyesha yote wazi kwa kiasi kilekile, mtu akapotea miongoni mwa mawe. Lenzi ndefu humtenga mtu vizuri na kutia ukungu nyuma yake, lakini msikiti hukatika.

Dawa yake nilikwisha kuisoma: njia iliyoenezwa na mpigapicha wa harusi wa New York, Ryan Brenizer. Unasimama karibu na mtu ukiwa na lenzi ndefu, yangu ilikuwa ya milimita 85, tundu lake limefunguliwa hadi f/1.8. Badala ya picha moja unapiga vipande vingi, kila kimoja kikipanda juu ya jirani yake kwa kiasi cha theluthi, kisha programu ya kompyuta inaviunga. Upana unapatikana, na ukungu wa lenzi ndefu unabaki. Sharti ni kuwa fokasi, mwanga na rangi vifungwe kabla ya kipande cha kwanza, na uanze na mtu, kwani mawe hayachoki.

Nami nikakosea papo hapo. Nilimsimamisha baba chini ya tao, nikapiga vipande 32, fokasi sikuifunga. Kila nilipoielekeza kamera kwenye nguzo ya nyuma, ikaifuata nguzo. Nilipogundua, baba alikuwa ameketi chini, akipangusa jasho.

"Bado, mwanangu?"

Niliona haya. Wapo wazee katika kamati yetu wasiopenda picha za watu. Saa ile nilitamani ningewasikiliza.

"Niwie radhi, baba. Mara moja tu."

"Basi nipige nikiwa nimekaa."

Vipande sita vya kwanza vikawa vyake. Nilipohakikisha vimetoka, nikamwambia aende kivulini, nami nikamalizia matao peke yangu, nikichunga kamera isirudi tena pale alipokuwa.

Nyumbani kompyuta iliviunga vyote. Baba yumo, uso wake wazi hata mikunjo, na matao yanafifia nyuma yake kama moshi wa udi. Ila kona ya juu kushoto ina pengo; kipande kile sikukipiga. Mama aliitazama, akauliza kama hapo ndipo msikiti ulipobomoka. Baba alicheka, akaniacha nijibu mwenyewe.