Gramu kwanza, urembo baadaye

Najua nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya mwaka wa tatu, ripoti ya utafiti huku, tuisheni kule, na tumbo nalo linadai haki yake. Leo nimepata upenyo, kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Habari yenyewe ni ya dhahabu. Ndiyo, dhahabu, msicheke! Mtoto wa Mabibo hosteli, anayekula chipsi kavu bumu likikata, ameingia duka la sonara kwa miguu yake na kutoka na hereni za dhahabu halali. Na kabla hamjaanza maneno yenu, hakuna buzi hapo. Ni pesa ya tuisheni, hesabu za Form Four, kila Jumamosi na Jumapili Sinza, tangu nikiwa mwaka wa pili. Kila nikilipwa natia kidogo kwenye kibubu, na nilikiapia kibubu kile kwamba hakivunjwi kwa ajili ya simu wala nywele.

Hereni si zangu, ni za bi mkubwa. Mwaka 2021 nilichaguliwa kwenda Form Five, shule ya bweni. Wakati ule ada ya Form Five na Six ilikuwa bado ipo, imekuja kufutwa mwaka wa fedha 2022/23. Ukiongeza godoro, tranka, sare na nauli, nyumbani kwetu hapakuwa na pesa ya hivyo. Mama akavua bangili zake mbili za harusi, tukaenda wote kwa sonara mmoja mjini kwetu. Yule bwana akaziweka kwenye mzani uliogeukia upande wake, akabonyeza kikokotoo, akataja bei. Mama akauliza, "Haiongezeki baba?" Akajibiwa, "Mama, hizi za zamani." Basi. Haikutajwa gramu, haikutajwa karati, hatukupewa hata kijikaratasi. Tukachukua pesa, nikaenda shule.

Mpaka leo mama hajui aliuza gramu ngapi. Huenda alilipwa haki yake, huenda alipunjwa nusu nzima. Hakuna wa kujua, na mimi hapo ndipo panaponiuma. Ndiyo maana nilipoamua kununua, nikasema sitoi hata senti kabla sijaelewa hesabu yake. Nimeuliza, nimesoma, na nikagundua wala si sayansi ya roketi, ni hesabu za kugawanya tu.

Dhahabu safi kabisa ni karati 24, lakini ni laini, inapinda kirahisi, kwa hiyo wanaichanganya na shaba, fedha na metali nyingine ili iwe ngumu. Karati inakwambia katika mafungu 24, mangapi ni dhahabu. Karati 18 ni mafungu 18, yaani asilimia 75, na muhuri wake ni 750. Karati 22 muhuri wake ni 916, karati 21 ni 875, karati 14 ni 585, na karati 9 ni 375. Hiyo ya mwisho dhahabu haifiki hata nusu! Ni halali kuiuza, ila usiilipie bei ya 21.

Sasa bei. Tuseme, mfano tu, gramu moja ya karati 24 leo ni shilingi 300,000. Ya karati 18 ni robo tatu yake, 225,000. Pete ya gramu 2 ina dhahabu ya 450,000. Muuzaji akikwambia 600,000, ujue hiyo 150,000 ni ufundi na faida yake. Hapo ndipo pa kubembelezana. Dhahabu yenyewe bei yake inatoka kwenye soko la dunia na inabadilika kila siku, kwa hiyo kabla hujatoka chumbani ingia kwenye simu uitazame. Huko wanaitaja kwa aunsi, na aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Gawanya, badili kwa shilingi, umemaliza. Wazee wa pwani wao watakutajia tola, usishtuke, ni gramu 11.66 hivi.

Na lile neno "za zamani" alilopewa mama? Dhahabu haichakai wala haiozi. Bangili ya miaka thelathini ikiyeyushwa inatoka dhahabu ileile. Mnunuzi anaweza kukata kidogo kwa ajili ya kuyeyusha na kusafisha, sawa, lakini uzee peke yake haushushi kitu. Hili laiti tungelijua siku ile.

Basi bwana, Jumatatu moja isiyo na vipindi nikamkokota rumeti wangu tukadandia daladala mpaka Kariakoo. Duka la kwanza, kijana kanitolea hereni zinameta hizo, nikauliza gramu ngapi. "Dada, wewe angalia kwanza kama umezipenda." Nikauliza tena, akanijibu vilevile. Tukaaga vizuri, tukatoka. Rumeti ananiambia nina roho mbaya, zilikuwa nzuri kweli!

Duka la pili walipima bila tatizo, ila hereni zenyewe zilikuwa na vijiwe vyeupe vya kioo, na vijiwe vilipimwa humohumo. Nikauliza uzito wa mawe unatolewa wapi. Kimya. Yaani ningelipia kioo kwa bei ya dhahabu! Tukashukuru, tukasonga.

Duka la tatu tukamkuta mzee mmoja, miwani puani. Nikamwamkia, nikamwambia wazi kwamba sijawahi kununua dhahabu na ninampelekea mama. Mzani wake ulikuwa unatazama upande wetu. Akasubiri usome sifuri, akaweka hereni, duara ndogo za kawaida zisizo na jiwe, gramu 1.9. Akanipa lensi nione muhuri wa 875. Nikamwambia, "Mzee samahani, muhuri si unaweza kupigwa na yeyote?" Hakukasirika. Akatoa jiwe jeusi, akaisugua hereni kidogo, na pembeni akachora mstari kwa sindano ya karati 21, kisha akatonesha asidi juu ya yote miwili. Mistari ikabaki inafanana. "Ingekuwa chini ya hapo, wake ungefifia," akasema. Nikamuuliza na habari za sumaku. Akasema sumaku inakamata mwizi wa chuma tu, shaba haivutwi na inapita kama dhahabu.

Swali langu la mwisho lilikuwa hili: "Na siku nikirudi kukuuzia?" Mzee akacheka. "Ufundi haurudi mwanangu. Inarudi dhahabu." Nikapenda ule ukweli. Tukavutana kwenye ufundi, akashuka kidogo, nami nikapanda kidogo. Kaniandikia karatasi yenye gramu, karati na bei ya gramu siku hiyo, pamoja na risiti ya EFD.

Njiani nikawa nawaza. Hii nchi yetu dhahabu inachimbwa Geita, Mara, Shinyanga, na wachimbaji wadogo wengi walikuwa wanamuuzia mtu wa kati mwenye mzani wake na bei yake. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, likafuatiwa na mengine mikoani, ili mchimbaji auze mahali penye vipimo na bei inayojulikana. Kumbe tatizo la mchimbaji na la mama yangu ni lilelile: mzani umegeukia kwa nani?

Nilizipeleka nyumbani mwenyewe, Tanga, likizo fupi. Mama akafungua kibox, akakaa kimya. Nikadhani atalia, nami nimeshaanza kujiandaa. Akachukua ile karatasi kwanza, akaisoma yote, akaniuliza, "Hii moja nukta tisa ndiyo gramu?" Nikamwambia ndiyo mama. Akaikunja, akaitia ndani ya Msahafu, ndipo akavaa hereni. Siku ya pili nikamsikia anamwambia jirani, "Zina gramu moja nukta tisa, karati ishirini na moja." Sifa ya urembo hakuitaja kabisa!

Sasa wadau, ombi langu. Wengi wetu mama na bibi zetu wana kitu kidogo cha dhahabu kabatini, pete, kidani, kipini. Mkienda likizo, kaeni nao mkapime, mwandike gramu na karati, karatasi ikae mahali salama. Msingoje siku ya shida, maana siku hiyo mtu hana muda wa kuuliza, na mnunuzi anajua hilo.

Wenye mpango wa kuvisha pete mwaka huu, mnanijua nilipo, nitawasindikiza Kariakoo kwa nauli na soda moja baridi. Ngoja nirudi kwenye ripoti, nisije nikadisco na dhahabu yangu kichwani. Siku njema!