Kahawa ya Nyumbani na Chombo cha Kuipikia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuneemesha kwa vyakula na vinywaji vizuri, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, mara kwa mara baada ya darsa huulizwa mas-ala ambayo hayamo katika vitabu vya fiqhi. Mojawapo ni hili: "Sheikh, nataka kununua mashine ya kahawa ya kuweka nyumbani. Ninunue ipi?" Wako wanaolicheka swali kama hili. Mimi silicheki, kwani mtu anayetaka shauri kabla ya kutoa mali yake amefuata mwendo mwema, na kahawa kwetu sisi watu wa pwani si jambo dogo. Hunywewa barazani, matangani, harusini na katika usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe.

Wala haikuja kwetu kutoka kwa wageni wa mbali na dini yetu. Masufi wa Yemen ndio waliokuwa wakiinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri, na bandari ya Mukha ndiyo iliyoisambaza duniani. Mwaka 1511 msimamizi wa masoko wa Makka, Khair Bey, aliwakusanya wanavyuoni, kahawa ikapigwa marufuku na kuchomwa moto njiani. Lakini amri iliyokuja baadaye kutoka Misri haikuiharamisha kahawa yenyewe. Kisha katika karne hiyo hiyo Sheikh Abdul-Qadir Al-Jaziri akaandika kitabu kizima kuthibitisha uhalali wake. Kwa hiyo kinywaji ni halali, na chombo cha kukipikia ni halali. Linalobaki ni kutazama namna ya kuchagua.

La kwanza la kulijua ni kwamba uzuri wa kahawa hautoki katika mashine. Hutoka katika buni, kisha katika kuikaanga, kisha katika kuisaga, kisha katika maji. Chombo huja mwisho. Buni iliyosagwa huanza kupoteza harufu yake muda mfupi baada ya kusagwa, na ndiyo maana wazee wetu walikuwa wakitwanga kiasi cha siku ile tu. Mwenye mashine ya thamani kubwa akitia ndani yake unga wa kahawa uliolala kabatini miezi sita atapata kahawa iliyolala. Na mwenye dele kuukuu la shaba akitia buni mpya ya Kilimanjaro au ya Bukoba, iliyosagwa saa ile, nyumba nzima itanukia. Kwa hiyo mwenye pesa chache na aanze kwa kununua buni njema na kisagio kizuri, kisha ndipo afikirie chombo.

Ama vyombo vyenyewe ni vya namna nyingi, lakini vinavyofaa kutajwa ni hivi.

Kuna dele letu, ambalo kahawa huchemshwa ndani yake juu ya makaa, pamoja na tangawizi au iliki kwa apendaye. Hili halina mshindani kwa kunywesha watu ishirini kwa mara moja, wala halingoji umeme.

Kuna birika ya moka, iliyotengenezwa Italia mwaka 1933, na jina lake limetokana na bandari ile ile ya Mukha. Maji hutiwa chini, kahawa katikati, na mvuke huyasukuma maji yapande juu. Huwekwa juu ya jiko la gesi au la mkaa, bei yake si kubwa, na kinachochakaa ni mpira wake tu. Unga wake uwe laini kiasi, wala usishindiliwe.

Kuna birika ya kioo yenye kichujio cha kusukuma kwa mkono. Kahawa yake husagwa chenga chenga, humiminiwa maji yaliyoepuliwa yakachwa kidogo kutulia, na huachwa dakika 4. Gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji ni kipimo chema cha kuanzia. Na kuna kichujio cha karatasi, alichokibuni mama mmoja wa Ujerumani, Melitta Bentz, mwaka 1908. Faida yake kwa sisi watu wazima ni kuwa karatasi huzuia sehemu kubwa ya mafuta ya kahawa, ambayo madaktari wamethibitisha kuwa huongeza kolesteroli katika damu ya mwenye kunywa sana kahawa isiyochujwa.

Kisha kuna mashine za umeme za espreso, nazo ndizo zinazoulizwa zaidi. Hizi husukuma maji ya moto katika unga laini sana kwa mgandamizo wa ba 9, yaani kiasi cha mara 9 ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Anayeona mashine imeandikwa ba 15 asidhani kuwa ni bora kuliko nyingine kwa sababu hiyo, kwani kinachohitajika ni hizo 9. Mwisho kuna mashine za vidonge, zilizoanza kuuzwa Uswisi mwaka 1986. Kidonge kimoja kina gramu 5 au 6 za kahawa na hutoa kikombe kimoja. Ni nyepesi kuzitumia, lakini mnunuzi amejifunga kununua vidonge hivyo kila mwezi, na kila kikombe huacha taka ya bati au plastiki. Na wakija wageni kumi na wawili, wa kwanza atakuwa amekwisha kunywa na kuaga kabla ya wa mwisho kupata chake.

Anayenunua mashine ya umeme na atazame mambo matatu. Mosi, umeme wake. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 ikichomekwa katika umeme wetu wa volti 230 au 240 itaungua siku ile ile, na nimeona zawadi ya jamaa ikiishia hivyo. Pili, maji. Visima vyetu vya pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Ukoko mweupe tunaouona ndani ya birika ndio utakaoziba mishipa ya mashine kama haisafishwi mara kwa mara. Tatu, fundi na vipuri. Mashine isiyokuwa na fundi katika mji wako ni pambo lililokula pesa.

Juu ya hayo kuna mambo ya dini. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kula na kunywa katika Suratul Aaraf, na katika aya hiyo hiyo, ya 31, akatukataza israfu. Israfu haipimwi kwa bei peke yake. Tajiri aliyetoa zaka yake na kuwatazama jamaa zake, akanunua mashine ya ghali anayoitumia kila siku, hatumlaumu. Lakini mtu mwenye ada ya mtoto isiyolipwa, akachukua mashine kwa mkopo wa riba ili majirani waione juu ya meza, huyo amekusanya riba na riya katika kikombe kimoja.

Na kuna jambo ambalo wanaume wengi wanaoniuliza hawalitaji: ni nani atakayeipika kahawa hiyo? Mwanamume husifiwa barazani kwa kahawa yake, na aliyekaanga, akatwanga, akapuliza makaa na kuosha vikombe yumo ndani. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, na katika jawabu lake, lililopokewa na Imam Bukhari, alieleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ulipofika akitoka kwenda kusali. Hii ni sunna kama zilivyo sunna nyingine, ingawa wanaoikumbuka ni wachache.

Nyumbani kwangu jambo hili tulilishauriana. Mama watoto ametwanga buni kwa mkono wake zaidi ya miaka 40, na wageni wa darsa hawapungui. Mwanangu mmoja akataka kutuletea mashine ya espreso. Nikamwambia, "Muulize mama yako, yeye ndiye aijuaye kazi." Mama yake akamjibu, "Moto haunichoshi, mwanangu. Kinachoniuma ni mchi. Niletee cha kusagia, na dele langu niachie." Basi kikanunuliwa kisagio cha umeme, kwa bei iliyo chini sana ya ile mashine. Nami nikajinunulia birika ndogo ya moka kwa kahawa yangu ya kabla ya alfajiri, na kahawa hiyo naipika mwenyewe na kikombe naosha mwenyewe, naye anapata kusali usiku wake au kulala bila ya kuamshwa.

Kwa hiyo jawabu langu kwa wanaouliza ni hili. Hesabu kwanza wanywaji wako: ukiwa na baraza, dele linakutosha, mkiwa wawili watatu, birika ya moka au kichujio kinatosha, na ukiwa na uwezo na fundi, mashine ya umeme ni halali yako. Nunua kwa pesa taslimu. Na kabla ya kwenda dukani, ingia jikoni umuulize anayefanya kazi ni lipi linalomtaabisha, kisha nunua kitakachomwondolea hilo.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, atuepushe na israfu, na atujaalie kuwa wema kwa watu wa nyumba zetu. Amin.