Picha za Windo za Tsavo

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara, akiisha kuipita Voi na kabla hajafika Mtito Andei, huvuka mto usio mkubwa, ambao maji yake hutoka upande wa Mlima Kilimanjaro. Wasafiri wengi hapo huwa wamekwisha sinzia kwa joto. Mahali penyewe ni Tsavo, maili 132 kutoka pwani kwa njia ya reli ya zamani. Kuna udongo mwekundu, vichaka vya miiba, na mikoche michache kando ya maji. Asiyejua habari zake hawezi kuona sababu ya kusimama. Hata hivyo, pengine hakuna picha za windo katika Afrika Mashariki zilizotazamwa na watu wengi kama zile zilizopigwa hapo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa.

Mwenye picha hizo alikuwa Bwana J. H. Patterson, mhandisi aliyefika Mombasa tarehe 1 Machi, 1898, akapewa kazi ya kujenga daraja la reli juu ya mto huo. Pamoja na vyombo vya kupimia ardhi na bunduki alikuwa na kamera. Muda si muda simba wawili madume, wasio na manyoya marefu ya shingoni, walianza kuingia usiku katika kambi za makuli wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika. Walipenya katika maboma ya miiba, wakawakamata watu ndani ya mahema na kuwaburuta nje, huku wenzao wakisikia kila kitu wasiweze kusaidia. Ilipofika Desemba wafanyakazi walikuwa wamechoka. Mamia yao walijilaza juu ya reli, wakalisimamisha gari la moshi, wakapanda na mizigo yao wakarudi pwani. Kazi ya daraja ilisimama kwa muda wa majuma matatu hivi. Yeyote awezaye kuwalaumu watu wale, na alale kwanza usiku mmoja katika hema la turubai mahali ambapo jirani yake aliliwa jana.

Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba, 1898. Bwana Patterson alikaa peke yake gizani juu ya dungu la miti minne, kama dungu la mlinda shamba, na mzoga wa punda ukiwa chini kuwa chambo. Simba hakuujali mzoga. Kwa muda mrefu alilizunguka dungu akimvizia mtu aliyekuwa juu yake. Katikati ya kimya kile bundi akamgonga mwindaji kisogoni, naye nusura aanguke kwa hofu. Kulipopambazuka simba alionekana amekufa. Urefu wake tangu pua hadi ncha ya mkia ulikuwa futi 9 na inchi 8, na watu wanane walihitajiwa kumbeba mpaka kambini. Kisha picha ikapigwa.

Katika picha za namna hiyo mambo yote hutulia. Mnyama hulazwa vizuri, kichwa chake huinuliwa kidogo, na mwindaji hukaa kando, bunduki mkononi, uso umetakata. Bundi hayupo. Wale watu wanane huwa wamekwisha sogea pembeni, au wamesimama nyuma pasipo majina.

Simba wa pili, aliyekufa tarehe 29 Desemba, ana habari iliyo bora zaidi. Bwana Patterson na mbeba bunduki wake, Mahina, waliifuata damu yake asubuhi vichakani. Simba aliyejeruhiwa akageuka na kuwashambulia. Bwana Patterson akapiga risasi, kisha akanyosha mkono nyuma kupokea bunduki ya pili, wala mkono haukupata kitu, kwa kuwa Mahina na bunduki yake walikuwa tayari juu ya mti. Naye mhandisi akakimbilia mti uleule. Kama risasi moja isingalikuwa imekwisha mvunja simba mguu wa nyuma, habari ingalikwisha kwa namna nyingine. Alipoipata ile bunduki ya pili alipiga tena, simba akaanguka. Mwindaji akashuka upesi, simba akainuka, na risasi mbili zaidi zikahitajiwa. Bwana Patterson alihadithia mambo haya katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1907, na hakuficha kwamba yeye mwenyewe alipanda mti.

Wafanyakazi walirudi kazini, na Januari 1899 wakampa bakuli la fedha kwa shukrani. Daraja likamalizika mwezi uliofuata.

Lakini wangapi waliliwa? Hapo ndipo picha hushindwa kusaidia. Bwana Patterson aliandika kwamba Wahindi waliokufa walikuwa 28, pamoja na Waafrika wengi ambao hapana aliyeandika hesabu yao. Miaka ya baadaye akataja watu 135. Mwaka wa 2009 wataalamu waliochunguza mifupa na nywele za simba hao walikadiria kwamba walioliwa walikuwa kama 35. Hata hesabu hiyo ni makadirio, tena huhesabu nyama iliyoingia tumboni tu, si kila mtu aliyeuawa. Hindi aliyeletwa kwa mkataba alikuwa na karatasi yake katika afisi ya reli. Kibarua Mwafrika aliyejiunga na kambi njiani hakuwa na karatasi, na kwa hiyo kifo chake hakikuandikwa popote. Nyumbani kwao walingoja.

Ngozi za simba wale zilikuwa mazulia nyumbani kwa Bwana Patterson kwa miaka ishirini na mitano hivi. Mwaka wa 1924 aliziuza pamoja na mafuvu kwa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, Marekani, kwa dola 5,000, na tangu mwaka wa 1925 simba hao wamesimama humo wakiwa wamejazwa. Mgeni aendaye kuwatazama mara nyingi husema kwamba ni wadogo kuliko alivyodhani. Ni kweli, kwani mtengeneza mazulia hukata kingo za ngozi, na simba aliyeshonwa kwa ngozi iliyopunguzwa hawezi kurudia kimo chake. Atakaye kuuona umbo wao halisi hana budi kurudi kwenye picha za Tsavo. Fuvu nalo limetoa siri ambayo picha haikuionyesha: simba wa kwanza alikuwa na jino la chonge lililovunjika, na usaha kwenye mzizi wake. Mnyama mwenye maumivu kama hayo hapendi kupambana na nyati. Isitoshe, sotoka ilikuwa imeua ng'ombe na wanyama wengi wa porini katika miaka ile.

Picha nyingine ya Bwana Patterson haina simba wala mwindaji. Ni picha ya pango alilolikuta karibu na mto, lenye mifupa ya watu, naye akaamini kwamba ni makao ya wale simba. Kwa muda mrefu pango hilo halikujulikana liko wapi. Mwaka wa 1997 wataalamu wa jumba lile la Chicago na wenzao wa Kenya walilitafuta, wakalipata, na ile picha ya zamani ikawathibitishia kwamba ndilo. Walipolichunguza walianza kufikiri kwamba huenda halikuwa tundu la simba hata kidogo, bali mahali ambapo wenyeji waliweka maiti wao. Mzee wa Kitaita asingalistaajabu kusikia hayo, kwa maana Wataita walihifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango ya milimani. Picha ilikuwa ya kweli kabisa. Maneno yaliyoandikwa chini yake ndiyo yenye shaka.

Mwaka wa 1909 reli hiyohiyo ilimpitisha Bwana Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit, mpiga picha wa safari ile. Wao wawili waliua wanyama 512, na nyuma yao walikuwako wapagazi zaidi ya mia mbili. Kitabu chao kilijaa picha.

Waliangulu hawakuwa na kitabu. Watu hao wachache wa nyika iliyo mashariki ya Tsavo waliwinda ndovu kwa upinde mzito ambao wageni wengi hawakuweza kuuvuta, na kwa mishale ya sumu, wakimkaribia mnyama kwa miguu hadi hatua chache. Ukiupima ujasiri kwa umbali uliopo kati ya mtu na ndovu, haukupungukiwa na ujasiri wa mwenye bunduki. Lakini tangu mwaka wa 1948 sehemu kubwa ya Tsavo ilikuwa mbuga ya taifa, na mwenye upinde hakuwa na leseni. Katika msako wa mwaka wa 1956 na 1957 wengi wao walikamatwa wakafungwa. Ndovu walikuwa wakiuawa mno kwa ajili ya biashara ya pembe, na ulinzi ulihitajika. Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo, nje ya mipaka ya mbuga, mwenye leseni aliua ndovu wake, akapigwa picha kando ya pembe, akaitundika ukutani.

Mwezi wa Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa namna hiyo, na tangu hapo mgeni wa Tsavo huja na kamera tu. Simba bado wako. Wengi wa madume yao, kama wale wawili wa mwaka wa 1898, hawana manyoya marefu ya shingoni, na wageni wasioijua nchi huwapiga picha kisha huandika chini yake kwamba ni majike.