Kadi Iliyoishia Athi River

Ukitoka Nairobi alfajiri kwenda Pwani, mji hukuacha taratibu. Kwanza unapita viwanda vya saruji vya Athi River na vumbi lake, kisha nyanda za Kapiti zinafunguka mbele yako, kisha unafika vilima vya Salama ambako malori hupanda yakinguruma na foleni ya magari madogo ikijikokota nyuma yake. Baada ya hapo vituo vinafuatana: Sultan Hamud, Emali, Simba, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Akina mama wenzangu mnaoijua barabara hii mtakubaliana nami kwamba majina hayo hatukujifunza kwa ramani. Tunayajua kwa choo safi kilipo, kwa machungwa na maembe ya Ukambani yanayouzwa kando ya njia, na kwa mahali mtoto alipotapika mwaka ule.

Mimi nimeolewa Taita. Kwa hiyo njia hii naipita angalau mara mbili kwa mwaka hadi Voi, kisha tunapanda milima kupitia Mwatate hadi Wundanyi. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, na Mtito Andei iko karibu katikati. Wasafiri wengi hupumzika hapo. Wanakula, wananyoosha miguu, wanajaza mafuta. Sikuwahi kujiuliza ni nini kingetokea iwapo gari lingegoma kuondoka hapo.

Agosti 2023 nilikuwa naendesha mwenyewe. Baba watoto alibaki kazini. Nyuma walikaa watoto wetu wawili, na kando yangu alikaa mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ameondolewa mtoto wa jicho katika hospitali moja ya Nairobi. Jicho lilikuwa limefunikwa. Daktari alikuwa ameagiza atiwe matone ya dawa kila baada ya saa nne, asiiname, asibebe kitu kizito, wala asipatwe na vumbi. Tulisubiri karatasi za hospitali hadi karibu adhuhuri, na safari ya alfajiri ikageuka kuwa safari ya mchana.

Tulikuwa tumepita Mtito Andei, na Kenani pia, wakati mshale wa joto ulipoanza kupanda. Nilidhani ni jua la Tsavo. Mama, mwenye jicho moja la kuonea, ndiye aliyetambua kwa pua. "Mwanangu," akasema, "kuna kitu kinaungua." Mara mvuke ukatoka chini ya boneti. Nikasogeza gari kando, nikazima injini. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni.

Mahali hapo barabara inapita kati ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambazo kwa pamoja zina zaidi ya kilomita 20,000 za mraba. Hakuna duka, hakuna nyumba, na mtandao wa simu huja na kwenda. Kijana wangu wa miaka tisa alikuwa amesoma habari za simba wawili waliowala wajenzi wa reli penye daraja la mto Tsavo mwaka 1898, na aliona huo ndio wakati mzuri wa kumsimulia dada yake. Nikamwambia anyamaze. Kwenye tuta la reli ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, treni ikapita imewasha taa zake zote. Binti yangu akaipungia mkono.

Sikuwa na hofu bado, kwa kuwa nilikuwa na kadi. Tulipewa pamoja na bima ya gari, bila malipo ya ziada, na juu yake iliandikwa kwamba wataitikia saa 24 kila siku. Nilipanda juu kidogo mpaka simu ikashika. Binti aliyepokea alikuwa na adabu sana.

"Pole sana, mama. Uko wapi?"

"Mbele ya Kenani, naelekea Voi."

Kukawa kimya kidogo. "Mama, kadi yako ni ya Nairobi na viunga vyake. Inaishia Athi River."

"Lakini imeandikwa saa 24!"

"Ndiyo, mama. Saa 24, ndani ya Nairobi."

Nikapiga kwa wenye bima yenyewe. Tulikuwa na bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe likigongwa, likiungua au likiibwa, na nilijua ndani yake mna fungu la fedha za kuvuta gari. Wakaniuliza kama nimegongana na mtu. Nikasema hapana, limechemka. Basi, wakasema, hiyo si ajali. Nami nilipoisoma ile karatasi baadaye, nilikuta imeandikwa hivyo hivyo, kwa herufi ndogo lakini kwa lugha wazi: bima hailipii kuharibika kwa mitambo wala kuchakaa. Fungu la kuvuta gari hulipwa baada ya ajali. Nadhani wengi wetu hatujui tofauti hiyo. Tunalipa fedha nyingi za bima kila mwaka, tunajiona tumejikinga kwa kila jambo, kumbe gari linalozimika barabarani kwa sababu ya rejeta iliyopasuka liko nje kabisa.

Aliyetusaidia ni dereva wa trela. Utingo wake alikata matawi akayapanga barabarani nyuma yetu, maana pembetatu zangu mbili za kuakisi mwanga zilikuwa chini ya mizigo yote. (Siku hizi nazitia juu.) Mwenye pikapu mmoja alisimama akajitolea kutuvuta kwa kamba, nami nikamshukuru kama malaika, lakini dereva wa trela akachungulia ndani akaona gia. "Hili ni otomatiki, mama. Ukilivuta kwa kamba mpaka mjini utaiua gia, na gia ni ghali kuliko yote." Akampigia mtu wa Mtito Andei mwenye lori la kubeba magari. Bei ikatajwa: shilingi 12,000. Alipofika jua lilikuwa limekwisha zama, na bei ikawa 15,000. Alisema usiku umeingia. Ningesema nini? Kwenye simu nilikuwa na 9,000. Baba watoto akaazima zilizopungua akanitumia kwa M-Pesa.

Lakini ninachokikumbuka zaidi si fedha hizo. Saa mbili kamili usiku wakati wa matone ulifika, na sisi bado tulikuwa kando ya barabara tukifunga gari juu ya lori. Kijana wangu alishika tochi ya simu. Nilinawa kwa maji yetu ya mwisho ya kunywa. Kila trela lililopita lilirusha vumbi, nami nikawa nasubiri lipite, nafungua bandeji, nasikia jingine linakuja, nafunika tena. Mama alikaa ametulia na kichwa amekiegemeza kitini. Mikono yangu ndiyo iliyotetemeka.

Tulilala Mtito Andei. Kesho yake tuliliacha gari kwa fundi, tukapanda basi hadi Voi.

Niliporudi nyumbani nilikaa mezani na daftari, nikaanza kupiga simu kwa kampuni moja baada ya nyingine zinazouza huduma ya kuokoa magari yaliyoharibika. AA Kenya, chama cha wenye magari chenye asili yake mwaka 1919, huuza uanachama wenye huduma hiyo, na kampuni za bima na za ulinzi nazo zina mipango yao. Wenzao wa Uingereza, chama cha AA cha mwaka 1905, walianza kwa kuwatuma watu wa baiskeli kuwaonya wenye magari kwamba polisi wamejificha mbele. Nilicheka niliposoma hayo, maana madereva wetu bado wanawasha taa kwa kazi hiyo hiyo bila kulipwa. Dada yangu anayeishi huko anasema kadi yake ya bei ya chini ina kasoro iliyo kinyume cha yangu: haimsaidii gari likikataa kuwaka karibu na nyumbani, mpaka awe ametoka robo maili hivi. Basi huko nako kuna mahali kadi inapoishia.

Swali langu la kwanza kwa kila kampuni lilikuwa hili: mnafika Manyani? Sikuuliza kama wanahudumia "nchi nzima", kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Nilitaja mahali tunapopita. Mmoja alisema wanafika, ila nilipe mwenyewe kwanza kisha nipeleke risiti nirudishiwe. Huo si mpango mbaya kwa mwenye akiba, lakini mimi niliyekuwa na 9,000 kwenye simu ungenisaidia nini usiku ule? Mwingine alisema watanivuta bure kilomita kadhaa za kwanza, kisha nilipe kwa kila kilomita inayozidi. Hapo nikachukua kalamu. Si lazima gari lirudi Nairobi. Ninachohitaji ni kufika kwenye mji wenye fundi wa kuaminika. Kati ya Mtito Andei na Voi ni chini ya kilomita 100, na ukivutwa kwenda upande ulio karibu haifiki hata nusu yake. Kumbe sikuhitaji kununua kilomita 300. Mama mwenzangu ambaye safari zake zote ni shule, soko na kanisani anaweza kutosheka na ile kadi ya mjini niliyoilaani, na akinunua ya nchi nzima atakuwa amepoteza fedha.

Kisha niliuliza kinachokuja ni nini, lori la kubeba au gari lenye kamba. Magari mengi tunayonunua siku hizi yametoka Japani yakiwa ya otomatiki, kwa hiyo swali hili si dogo. Nikauliza kuhusu watu. Hapo wengi walinyamaza. Lori la kubeba gari lina nafasi ya abiria mmoja au wawili mbele, nasi tulikuwa wanne, mmoja wetu mgonjwa. Usiku ule mama na binti walipanda mbele na lile lori, na mimi na kijana tukapewa nafasi na dereva wa trela jingine lililokuwa likirudi Mtito Andei. Kampuni moja tu ndiyo iliyonijibu kwamba wana utaratibu wa kuwachukua abiria, tena wakakubali kuniandikia.

Mengine niliyauliza kwa haraka. Ni mara ngapi kwa mwaka? Kadi inaanza kufanya kazi siku ile ile au baada ya siku kadhaa? Ni ya gari au ya mtu, maana jina lililoandikwa ni la baba watoto na anayeendesha ni mimi? Gari la umri wetu linakubaliwa? Mara moja nilipiga nambari yao ya dharura saa nne usiku, nione kama kuna mtu. Mmoja hakupokea. Nikafuta jina lake.

Tulilipa kwa mwaka chini ya nusu ya zile 15,000 za usiku mmoja. Ile ya bure, ambayo ilinitokea ghali, bado iko kwenye droo.

Desemba 2024 tulisafiri tena, safari hii sote. Tulisimama Makindu, penye hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926, ambalo hadi leo humpa msafiri chakula na mahali pa kulala bila kumdai. Nilitaka watoto wapajue. Mtito Andei tulimsalimu yule mwenye lori, naye alinikumbuka, akauliza habari za jicho la bibi.

Jicho lilipona vizuri. Mama alinidhihirishia alipotusindikiza Januari, akizunguka gari letu na kutazama tairi moja baada ya nyingine.

"Ile karatasi ya kuvutwa umeibeba?"

"Ninayo, Mama."

"Inafika mpaka huku juu, au inaishia barabara kubwa?"

"Inafika mpaka Wundanyi. Niliwauliza."

"Basi funga mlango vizuri," akasema, "ndizi zisianguke."