Kuaminika, Kuhakikiwa na Kuthibitishwa

Sisi tufundishao Kiingereza huku Karagwe twaulizwa mara nyingi na vijana, "Mwalimu, maneno haya yote si yana maana moja?" Maneno yenyewe ni "reliable", "verified", "certified" na "proven". Kamusi yawaambia kwamba yote yahusu kitu cha kusadikiwa. Basi huchukua lolote lililo karibu, kama mtu achukuaye jembe gizani. Leo napenda kuonyesha ya kuwa maneno haya si mamoja, na ya kuwa mwenye kuyachanganya aweza kusema uongo pasipo kukusudia.

Neno "verified" latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kweli: kitu kimetazamwa, kikalinganishwa na yaliyonenwa juu yake, kikaonekana ndivyo kilivyo. "Certified" latokana na neno la hakika. Hapa hatoshi mtazamaji, bali mwenye mamlaka ametoa hati na kutia muhuri. "Proven" latokana na kujaribu: kitu kimetumiwa, kimepita katika taabu, wala hakikushindwa. Na "reliable" ni neno la kutegemea: waweza kukiegemea kitu hicho kesho kwa sababu ya jana zake nyingi.

Lugha yetu nayo haina upungufu. Tunayo kweli, hakika, yakini, sahihi, thabiti na amini. Kuthibitisha ni kukifanya kitu kiwe thabiti, yaani kisimame kisitikisike. Kuamini ni ndugu wa Amina ile tunayoitikia baada ya sala. Na Wanyambo huita kweli "amazima", neno lililo ndugu wa uzima, kana kwamba kweli ni kitu kizima kisichomegwa.

Tuchukue mfano wa mizani ya kununulia kahawa. Kwa Sheria ya Vipimo, mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Ikionekana sawa hutiwa alama, na baada ya mwaka lazima ikaguliwe tena. Siku ile ya ukaguzi twaweza kusema kwa haki kwamba imehakikiwa. Lakini je, ni ya kutegemewa? Hilo halitoki katika alama, bali kwa mtu aishikaye. Mizani yenye alama mikononi mwa mdanganyifu imehakikiwa, walakini haitegemeki. Tena yuko mama auzaye maharagwe kwa kopo lake lile lile miaka mingi, asipunguze hata punje. Hakuna mkaguzi aliyelitazama kopo lake, lakini jirani zake wote humtegemea. Alama yasema habari ya siku moja. Sifa njema yasema habari ya siku nyingi.

Tena, kweli haingoji kuhakikiwa ipate kuwa kweli. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa la Nyanza upande wa Mwanza, akanena kwamba hilo ndilo chimbuko la mto Nile, hali hajauona mto ukitoka. Mwenzake Richard Burton hakusadiki. Speke akarudi pamoja na James Grant, na mwezi wa Novemba 1861 wakafika hapa Karagwe, wakapokewa na Omukama Rumanyika. Toka hapa Speke aliendelea mbele, na tarehe 28 Julai 1862 akauona mto ukitoka ziwani, karibu na mahali palipo mji wa Jinja leo. Hata hivyo hakulizunguka ziwa, na wapinzani walisema huenda si ziwa moja. Speke akafa mwaka 1864, mabishano hayajakwisha. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley akalizunguka kwa mashua, akaona ni ziwa moja kubwa. Mwaka uliofuata yeye naye akafika kwa Rumanyika.

Basi neno la Speke lilikuwa kweli tangu 1858. Lilihakikiwa kwa sehemu mwaka 1862. Likathibitika mwaka 1875. Ziwa halikubadilika miaka hiyo yote, na wenyeji wa pale walikuwa wakiuona mto wao kila asubuhi pasipo hati ya mtu. Kilichobadilika ni haki ya msemaji kusema, "Imethibitishwa." Burton hakumdhulumu mwenzake alipodai ushahidi, wala Speke hakuwa mwongo kwa kukosa kuwa nao wote.

Mtaniuliza, mambo haya yamfaa nini mkulima? Wazee wa kikundi kimoja cha wakulima huko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, waliniomba niwaandikie barua ya Kiingereza kwa mnunuzi wa ng'ambo. Walitaka niseme kwamba kahawa yao ni "certified", yaani ina cheti cha kilimo kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani. Nami nilijua ya kuwa katika vibanja vyao hutia samadi na matandazo tu, kama baba zao.

Nikawauliza, "Wazee wangu, cheti kiko wapi?"

Mmoja akajibu, "Mwalimu, mibuni yenyewe ndiyo cheti. Njoo uitazame."

Wa pili akasema, "Tukikiri kwamba hatuna cheti, mnunuzi atakwenda kwa wengine, nasi tutarudi katika butura."

Kwa wasomaji walio mbali, butura ni kuuza kahawa ingali changa mtini, kwa bei ndogo, kwa sababu ya shida ya fedha. Mzee yule alikuwa na wajukuu wanaodaiwa mahitaji ya shule. Hofu yake ilikuwa ya haki, wala sikuidharau.

Lakini nikawaeleza kwamba neno hilo si letu kulitoa. Ni la mwenye muhuri. Kwa sheria za Ulaya, shamba la miti ya kudumu kama mibuni kwa kawaida huangaliwa muda wa miaka mitatu kabla mavuno yake hayajauzwa kwa jina hilo, na baada ya hapo ukaguzi huendelea kila mwaka. Tukilitwaa neno hilo bure, na mnunuzi akagundua, hata habari yetu ya samadi, iliyo kweli tupu, haitasadikiwa tena.

Basi tukaandika tuliyokuwa na haki ya kuyaandika: kwamba hawatumii dawa wala mbolea za viwandani, kwamba bado hawana cheti, na kwamba mnunuzi aweza kumtuma mtu siku yoyote, pasipo kutoa taarifa, aingie kibanja chochote apendacho. Neno "reliable" hatukuliandika kabisa. Hilo mtu hajipi mwenyewe. Hupewa na wengine waliomwona. Mzee wa kwanza akatia sahihi upesi. Wa pili alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akatia dole gumba. Barua imekwenda, jibu halijafika.

Yatupasa basi, tuandikapo barua ya kumsifu kijana atafutaye kazi, au tunenapo mbele ya baraza, au tutangazapo mali yetu, tujiulize mambo matatu. Nani alikitazama kitu hiki? Alikitazama lini? Naye ana mamlaka gani ya kutia muhuri? Kama hakuna aliyetazama, tuseme, "Nasadiki." Kama tumetazama wenyewe, tuseme, "Nimeona." Kama mwenye mamlaka ametoa hati, tuionyeshe hati. Na kama tumekaa na mtu miaka mingi asitudanganye, tuseme kwamba hutegemewa, wala tusione haya kwa kuwa neno hilo halina muhuri. Maana lilipatikana kwa siku nyingi kuliko muhuri wowote.